Hapo Hapo, Usiguse Tena

...na taa haikuwaka, ile taa nyekundu ndogo kama punje ya mtama, ambayo siku zote huwaka ubavuni mwa amplifaya ya sabufa, ile spika ya besi, leo haikuwaka, na Tushar aliendelea kuitazama, mkono wake ungali juu ya kifundo cha krosova, simu ameibana baina ya sikio na bega, na ndani ya simu sauti ya mkewe ikimwambia, hapo hapo, Baba Bhavna, hapo hapo, usiguse tena, tamu kabisa... tamu kabisa, tamu ya nini, Savita, na sabufa haijawashwa. Labda taa imeungua. Ndiyo, taa huungua, hata za barabarani huungua, seuze hii ya kitu kilichonunuliwa mkononi kwa mtu, akaegemea mbele, akaubandika mkono wa pili mgongoni mwa ile amplifaya kama mama anayempima mtoto homa, nayo ilikuwa baridi, baridi ya chuma kisichojua habari ya umeme, na swichi yake iko chini, chini kabisa, wala haikuhitaji ufundi kuiona. Akaona aibu kwanza, aibu ya kazi tu, ya mtu mzima kufanya kosa la mwanafunzi, kwa sababu alikumbuka sasa, umeme ulikatika walipokuwa wakivuta waya, ukarudi, naye akawasha kimoja kimoja kama ada yake, miksa, krosova, amplifaya ya spika, akaiacha ya sabufa mwisho, maana umeme wa hapa ukirudi hurudi na hasira, na sabufa ndiyo ya kusubirishwa mpaka hasira zishuke, na katika kusubiri huko Savita akapiga simu kutoka ukumbini, haya, nshasimama, tia wimbo, naye akamuuliza umesimama wapi, na Savita akasema haya, tia basi, wapambaji wananingoja niwasogezee meza, akatia wimbo, akasahau. Kosa dogo. Kosa la kucheka wakirudi nyumbani. Lakini aibu ile haikukaa, ilipita kama mtu aliyekosea mlango, na nyuma yake kikaingia kitu kingine kisichokuwa na haraka, kwa sababu Savita hakusema tamu kabisa peke yake, kabla ya hapo alisema punguza, inaguruma, inaguruma sana upande huu wa madirishani, punguza tena, kidogo, enh, hapo sasa imekaa, na yeye akapunguza, akapunguza tena, alimwamini kama anavyoamini kwamba ukuta huu ni ukuta... ikaguruma nini? Kitu gani kiliguruma upande wa madirishani, Savita?

Lori labda. Lori limepita barabara ya Forodhani, au boti ya Dar es Salaam inatia nanga, zile boti huguruma, au ameamua kumtania, Savita anajua kutania, aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba yeye alipoolewa alidhani anaolewa na kabati, maana halisemi... lakini kazini hatanii, kazini hajatania hata siku moja. Na kazi yenyewe ndiyo hii, haina nyingine, shughuli za wanawake, harusi zao na ngoma zao, ambazo ukumbi ukishaanza kupambwa hakuna mwanamme atakayetia hata kivuli chake ndani, awe Muislamu awe Baniani kama yeye, mitambo hukaa nje, spika hukaa ndani, waya hupitishwa dirishani, na yeye hukaa na vifundo vyake popote atakapotupwa, leo katupwa kwenye stoo ya chini ya ngazi nyumbani kwa Bi Tahiya anayemwoza binti yake, katikati ya magunia ya mkaa na masufuria, na baina ya vifundo na spika kuna ukuta wa mawe wa kizamani, mpana kuliko mkono wake, na baada ya ukuta yuko Savita. Savita ndiye sikio. Krosova yenyewe si kitu kikubwa, ni mahali pa kuikata sauti, ya chini iende kwa sabufa, ya juu ibaki kwa spika, ukikata juu mno sabufa hula maneno, ukikata chini mno panabaki shimo katikati na ngoma hupooza kama uji uliosahauliwa, na hakuna namba ya kukwambia wapi hasa, kila ukumbi na tabia yake, wenye mazulia hutaka hivi, wenye sakafu tupu hutaka vile, na wanawake wa mji huu hawaji kusikia ngurumo, wanakuja kusikia maneno, kila ubeti una mwenyewe, ukiimbwa mwenyewe anaujua, huinuka akaenda kumtunza mwimbaji, kanga mabegani na macho kwa yule aliyekusudiwa, na neno likimezwa na besi hakuna anayeinuka, na asipoinuka mtu shughuli imekufa, hata wali uwe wa nazi mbili. Hayo yote hajayaona hata mara moja. Ameyajua kwa Savita, usiku wakirudi, akimwigizia nani kainuka na nani kanuna, naye akitia gia huku anacheka. Yeye Tushar amecheka hivyo lini mara ya mwisho?

Bwana Tushar, ikaja sauti nyuma ya mlango wa stoo, Bwana Tushar, mshamaliza? Ilikuwa ya Bi Tahiya mwenyewe, na bangili zake, akamjibu kwamba bado kidogo, na Bi Tahiya akasema basi fanyeni hima baba, wageni wa Makunduchi washafika Mnazi Mmoja, na jengine, nakuomba, isiwe kama ile ya Jang'ombe, mimi nshaambiwa, lakini nikasema potelea mbali, maadamu Bi Savita yumo ndani sina wasiwasi, hao vijana na mitambo yao mikubwa wa nini, na bangili zikaondoka. Jang'ombe. Alidhani maneno ya Jang'ombe yamebaki Jang'ombe, pumbavu, kisiwa chenyewe ukipiga chafya Bububu unaombewa dua Fumba. Siku hiyo vioo vya madirisha vilitikisika kwa besi, bibi mmoja mzee akashika kifua akatolewa nje kupepewa, mwimbaji akaukata wimbo katikati akasema mbele ya watu, jamani, mie naimba au nafukuza nyani? Na yeye Tushar alisimama uani akawaambia waliomfuata kulalamika, akawaambia kwa kifua, mke wangu kasimama humo humo ndani, kasema hapo ndipo, na mke wangu akisema hapo ndipo basi hapo ndipo, labda nyie hamjazoea, na Savita alikuwa nyuma yake kwenye baraza anakunja waya. Hakuinua uso. Alikunja waya ule mpaka ukaisha akaufungua akaukunja tena. Tushar aliona kwa macho yake, akadhani ni hasira kwa ajili yake, akafurahi moyoni, akasema mke huyu... eh Bhagwan, akafurahi.

Ngoja, usikate, Savita akasema kwenye simu, wananiletea chai hapa, na ikasikika sauti ya sahani na sauti za wanawake wengi pamoja, nyembamba, za juu, mmoja akisema Bi Savita sambusa zako hizi za viazi, tumekutengea, hazijagusana na za nyama, wallahi nimezikaanga mbali, na Savita akajibu kitu, akajibu haraka haraka, akacheka, na yule mwengine akacheka. Anasikia. Si anasikia? Mtu kazungumzishwa kajibu. Moyo wa Tushar ukapanda ngazi mbili kisha ukasimama, kwa sababu yeye ni fundi, na fundi akishaijua sauti hawezi kujifanya haijui, hizo ni sauti za wanawake, za juu, za spika, hakuna hata moja ya kwenda kwenye sabufa. Za juu anasikia. Ni za chini zilizoondoka. Na hapo vitu vikaanza kuja vyenyewe, hakuviita, kama wageni waliosikia mlango uko wazi... radi. Radi za masika haya, usiku ule nyumba ya jirani ilipoanguka roshani, yeye Tushar alikaa kitandani anangoja Savita amshike mkono, maana Savita akiogopa radi tangu utoto, akijifunika mpaka kichwa, na Savita alilala. Asubuhi akasema, masika ya mwaka huu ya upole, hayana hata ngurumo. Alicheka yeye, akadhani mzaha. Na mlango, Savita aliyekuwa akijua nyayo zake kwenye ngazi, akifungua kabla hajabisha, siku hizi Tushar anabisha mpaka vidole vinamuuma, akamwambia umekuwa mvivu. Na simu. Simu, jamani, mwaka mzima sasa Savita yuko jikoni na yeye yuko sebuleni, vyumba viwili vinavyotazamana, na Savita humpigia simu kumuuliza chai atie tangawizi au asitie, na yeye alimwona kama mtoto aliyepata kitu cha kuchezea, akawahadithia watu dukani, mke wangu ananipigia simu kutoka jikoni, wakacheka wote. Simu haibebi besi. Yeye ndiye fundi, yeye ndiye anayejua kwamba simu huitupa sauti yote ya chini ikabakisha ile ya juu tu, nyembamba, ya kutosha kufahamika, na sauti yake yeye ni nzito, imetoka tumboni tangu alipobaleghe, mwalimu wake alikuwa akisema Tushar unasoma au unakoroma, basi Savita alipokuwa akimpigia kutoka jikoni hakuwa akicheza, alikuwa akimtafuta. Alikuwa amepata mahali ambapo mumewe anasikika kidogo.

Basi yeye ndiye wa kwanza kupotea masikioni mwa mkewe. Wanawake wenziwe Savita bado anao, ndege anao, kengele ya baiskeli ya muuza mkate anayo, binti yao Bhavna akipiga kutoka Dar es Salaam anaye, aliyeondoka ni Tushar, na wanaume wote na sauti zao, na ngoma, na radi, vimeondoka pamoja, na Savita hakusema kitu. Kwa nini hukusema, mama wee, mimi ni nani kwako, mpangaji? Mficha maradhi kifo humuumbua, watu husema, lakini yeye hakuumbuliwa na kifo, kaumbuliwa na swichi... na wala hajui kwamba kaumbuliwa, yuko ndani anakunywa chai. Angesema ningempeleka kwa daktari, angesema tungetafuta mtu mwingine wa kusimama ndani... ndiyo, hilo ndilo, tungetafuta mtu mwingine. Ungemtafuta, Tushar, usijidanganye, wiki ile ile. Na Savita angebaki nyumbani Mji Mkongwe ghorofa ya juu na dirisha lake, hakuna tena wa kumwambia Bi Savita karibu, hakuna sambusa za kutengewa, hakuna wanawake wa kumwekea kiti karibu na nguzo na kumwambia siri za mji mzima kwa sababu yeye si wa kabila lao wala wa dini yao na siri kwake haiendi popote, aliingia kwenye shughuli zao na sari yake tangu yu bibi harusi mwenyewe, kule Mtoni, ile mara ya kwanza, Tushar akiwa kafukuzwa nje na ukumbi unalalamika, haoni wala hasikii, anazungusha tu kama kipofu anayetafuta ndara, na Savita wa siku zile, ambaye walikuwa bado wanaoneana haya, akavua viatu akasema nipe kamba. Kamba ya nini? Nipe. Akaipitisha dirishani, ncha moja kwake, nyingine kiganjani mwa Tushar, akamwambia nikivuta mara moja punguza, nikivuta mara mbili ongeza, na pakiwa penyewe sitavuta, ntaikaza tu. Akaikaza. Tushar alikaa gizani usiku kucha na kamba imekazwa kiganjani, hajawahi kushika kitu maishani mwake kilichomwambia mambo mengi namna ile, na asubuhi kiganja kilikuwa na alama, hakutaka iondoke. Zikaja simu, wakaona kamba ni ushamba.

Bwana Tushar! Naja, Bi Tahiya, sasa hivi. Wimbo aliokuwa anapimia ulikuwa umefika mwisho na kuanza upya, akauzima, akasikia maji yanadondoka mahali. Sasa afanye nini? Jambo jepesi lipo, linamwangalia. Ainue swichi, taa iwake, aiweke krosova pale anapodhani, kipimo cha hezi themanini au tisini, mahali pa kubahatisha, amwambie Savita haya asante, hapo hapo, umalize chai, na Savita akae kwenye kiti chake karibu na nguzo ajione amefanya kazi yake, na akibahatisha vizuri leo imepita, na akibahatisha vibaya ubeti utamezwa, hatainuka mtu, Bi Tahiya ataaibika mbele ya wakwe zake wa Makunduchi, na kesho mjini watasema si mitambo ya Baniani iliyochakaa, ni yule mkewe, hasikii, hamkuona, nlimsemesha mara mbili akacheka tu. Watasema kwa huruma. Huruma ndiyo itakayommaliza, maana Savita anaijua, aliiona kwa baba yake, mzee Chimanlal, muuza vitambaa, aliyekuwa akiitambua hariri kwa mlio wake inapochanwa, masikio yake yakaanza kwenda hivi hivi, kwanza wateja wakawa wanamcheka kwa adabu, kisha bila adabu, kisha akatolewa dukani akawekwa barazani kwenye kiti cha mkeka, na kila jioni Savita akirudi skuli akimpigia ukelele sikioni habari za mchana, nani kaja, nani kafa, nini bei, ukelele mpaka koo linamkauka, na mzee anatikisa kichwa kwa kila neno. Kisha akaacha. Savita alimhadithia hili mara moja tu, usiku mmoja, wamezima taa, akasema, sikuacha kwa sababu hasikii, nliacha kwa sababu nlichoka, jioni moja nlipita nikenda zangu ndani, nikangoja aniite, hakuniita, hakuniita tena mpaka alipokufa, na mimi nkashukuru, Baba Bhavna, Bhagwan anisamehe, nkashukuru kwamba hakuniita. Kwa hiyo alijua. Ilipoanza kwake alijua njia yote mpaka kiti cha mkeka, na alimjua mumewe, mwanamme wa maneno machache, kabati, ambaye hata kwa mwenye masikio mazima husema nusu, akajiuliza huyu atapiga ukelele sikioni mwangu siku ngapi kabla hajapita akenda zake ndani? Akaona heri kubahatisha.

Siku ngapi, Tushar? Jibu, uko peke yako humu, hakuna anayekusikia. Alitaka kujibu kwamba hatachoka, alilitafuta jibu lile kwa moyo mmoja, na badala yake likaja neno jingine, dogo, la kila siku, hamna kitu. Hamna kitu. Savita akiuliza, umesema? Na yeye, hamna kitu. Unasemaje? Hamna kitu, we endelea. Asubuhi, umesema nini? Hamna kitu. Alipomwambia juzi kwamba bahari leo ina rangi ya zumaridi, jambo ambalo hakumbuki mara ya mwisho kusema mfano wake, limemtoka tu, na Savita akageuka uso wote umefunguka, akauliza, umesema nini? Na yeye akaona uvivu wa kulirudia, akaona limeshapoa, akasema hamna kitu. Uso ukafungika. Mwaka mzima wa hamna kitu. Basi swali la siku ngapi limeshajibiwa zamani, hakungoja hata kujua kwamba mkewe hasikii, alishachoka kabla ya maradhi, alishampita kwenye kiti cha mkeka kitambo akenda zake ndani, na Savita hakumwita, alichukua simu. Hapo Tushar alilia. Si kwa kishindo, hajui kulia kwa kishindo, machozi yalishuka tu yakaingia kwenye masharubu, na mkono haukutoka kwenye kifundo, na aliona wazi, bila ya mahali pa kujificha, kwamba amekuwa mume mbaya kwa njia rahisi kuliko zote, bila ya kumpiga mtu wala kumtukana, kwa kuona uvivu tu, na kwamba hakuna kifundo duniani cha kuzungusha ili mwaka ule urudi. Kazi na ife basi. Mitambo na iuzwe. Wanawake wa mji na waseme. Lakini jambo moja liko mkononi mwake bado, simu hii, simu haibebi besi, humu ndani ya simu yeye ni mwembamba wa kutosha kusikika, humu tu, na mkewe yuko upande wa pili anangoja, amalize chai au asiimalize, na kama kuna neno lolote alilobakiwa nalo basi lisemwe sasa, lote, lisiwe nusu.

Savita, akasema, na sauti ilimtoka nzito zaidi kwa machozi, Savita, sikiliza, sabufa haikuwashwa, nimesahau mimi, ilikuwa imezimwa tangu mwanzo, na wewe umeniambia inaguruma, basi nshajua, sina hasira, usiogope, nshajua yote, ya Jang'ombe, na ya radi, na kwa nini unanipigia kutoka jikoni, na wewe kaa hapo hapo na wenzio, usitoke, kula sambusa zako, mimi ntaitia kwa kubahatisha, na ikiharibika iharibike, ntasema kosa langu, nlizungusha vibaya, lakini nnataka ujue kitu kimoja, juzi nlisema bahari ina rangi ya zumaridi, ndicho nlichosema, na ntakwambia kila kitu kuanzia leo, ntapiga ukelele, ntaandika ukutani, sitachoka, na nikichoka unipige... Savita? Akaibana simu zaidi sikioni. Hakukuwa na kelele upande wa pili, wanawake walikuwa wamesogea, ilisikika pumzi yake tu na kikombe kikiwekwa juu ya sahani. Akaiondoa simu sikioni akaitazama, alama za mtandao zimejaa, sekunde zinakwenda moja moja, laini haijakatika, akairudisha haraka asije akamkosa. Baba Bhavna, Savita akasema, kwa furaha, kwa ile sauti yake ya kazini, nshamaliza chai, mbona umenyamaza muda wote huo, upo? Nipo, akasema Tushar. Baba Bhavna? Nipo, Savita, nipo hapa. Baba Bhavna, sema basi, nimekwambia hapo hapo, umeacha hapo hapo? Naam, akasema, na akajua kwamba hata humu ndani ya simu hamfikii tena. Baba Bhavna? Naam, akaitika kwa nguvu zake zote, mpaka masufuria yakalia, naam, naam, na Savita akamwita tena.